Ndoo Yenye Kifuniko Chekundu

4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimepata kazi. Kati ya hayo mawili sijui lipi litanichosha mapema.

Shule imefungwa kwa sababu ya homa, na mimi nikikaa nyumbani huwa nagombana hata na masufuria. Kwa hiyo Matroni wa hospitali aliponiita nilikwenda mbio. Aliniambia, "Mwalimu, sauti yako inasikika mpaka sokoni, na lugha ya wageni unaijua. Tunakuhitaji pale kwenye kamba."

Kazi yenyewe ni kusoma. Anayetoka wodini kwa wagonjwa amevaa mavazi ya kinga kutoka utosini hadi unyayoni, na homa yote iko juu ya hayo mavazi. Akiyavua ovyo, amejipaka. Akitoka amechoka, jasho limemjaa machoni, anasahau hata jina lake. Kwa hiyo mimi nasimama upande wa pili wa kamba na ubao wangu, nasoma hatua moja, namtazama anavyoifanya, ndipo nasoma ya pili. Ni darasa la kwanza kabisa, ila hapa anayekosea hapewi zoezi la kurudia.

Wifi yangu naye kapata kazi, ya usafi wodini. Sikuamini. Mke wa kaka yangu ni msusi, na tangu homa iingie hakuna anayempa mtu kichwa chake akishike, lakini nilidhani ataomba kazi ya kukaa. Yeye na ufagio hawajawahi kuwa marafiki. Wafanyakazi wa ndani hawarudi makwao, wanalala shuleni kwetu. Kitanda chake kimewekwa darasani kwangu, chini ya jedwali la kuzidisha. Kabla hajaondoka alimsuka binti yake mistari midogo midogo iliyobana, "ili idumu," alisema. Mtoto tunamwita Chiriku kwa jinsi anavyosema. Leo hakusema.

5 Machi

Mvua.

8 Machi

Wageni wa kwanza, wa mahema meupe, wana mkuu wao mzee tuliyempa jina Daktari Miwani, kwa kuwa ana miwani mitatu na yote humpotea. Ni mtu wa kurudia. Leo amesimama uani mvuani akiwafundisha watu wa maji kuchanganya klorini: ya kali ni ya glavu, buti na sakafu, ya hafifu ni ya mikono mitupu. Bwana Pipa, ambaye ndiye mkuu wa maji, kaifanya wimbo: "Nyekundu inaua, buluu inaosha!" Ndoo ya kifuniko chekundu, kali. Ndoo ya buluu, hafifu. Sasa kila kijana wa maji anauimba, na Daktari Miwani anapiga makofi bila kuelewa neno.

9 Machi

Mvua. Wanne wamekufa.

14 Machi

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wamekuja wageni wengine, wa nchi nyingine, wenye mahema ya kijani. Malori yao yalizama kwenye tope getini na tukasukuma wote, hata Matroni na sketi yake nyeupe. Wamekuja na kila kitu chao: vitanda, taa, viti vya kukunja, mpaka karatasi za chooni. Daktari wao ni mwanamke mrefu sana, hacheki, na kabla ya jua kuzama (kama lipo) wahudumu walishamwita Dokta Mlingoti.

Wamegawana. Weupe wamebaki na lango la kuingilia, maabara na maji. Kijani wamechukua wodi na chumba cha kuvulia. Kikao cha weupe ni asubuhi na cha kijani ni mchana, na hakuna mgeni anayehudhuria cha mwenzake. Hata chai wanakunywa mbalimbali. Nilimuuliza Matroni kama wamegombana. Akasema, "Hawajagombana, mwanangu. Hawajaonana."

Dokta Mlingoti amenipa ubao mpya wa kuvulia kuutafsiri. Ni tofauti kidogo na ule wa zamani, kwao mwanzo ni *Nawa glavu, ndoo ya buluu*, miwani hutoka baada ya kofia, na mwisho kabisa: *Nawa mikono, ndoo nyekundu.* Nimeutafsiri vizuri, hata koma nimeiweka mahali pake. Nilijisifu kimoyomoyo.

17 Machi

Mvua. Ikipiga bati la chumba cha kuvulia lazima nipige kelele. Nimerudi nyumbani sauti imekauka. Kaka kanitengenezea maji ya moto na kunicheka: "Mwalimu kanyamazishwa, na serikali haijui ilivyofanikiwa."

21 Machi

Wifi aliniita kwenye uzio wa shule akanionyesha mikono. Imepasuka vifundoni, ngozi imekuwa nyeupe na kavu. Nikamwambia, "Pole. Mikono ya malkia imekutana na kazi." Yeye hakukasirika, jambo lililoniudhi. Akasema, "Wifi, malkia gani analala chini ya saba mara nane?" Tukacheka wote wawili, naye akaniuliza nywele za Chiriku zikoje. Nikasema zimeanza kutoka vinyweleo pembeni. Akaangalia mikono yake.

Si yeye peke yake. Wauguzi wote wa ndani wanalalamika mikono inawaka. Mimi yangu haina neno, maana nanawia langoni. Nilimwambia Matroni awaeleze wageni. Akanitazama kama niliyetaka kutema mate mezani kwa watu. "Watu wameacha watoto wao, wamekuja kufa na sisi, halafu niende kuwaambia dawa yenu inawasha? Dawa ikiwasha ndiyo imekolea." Basi likaishia hapo. Sisi ndivyo tulivyo. Mgeni akitia chumvi nyingi tunakunywa maji mengi.

22 Machi

Mvua. Watatu.

24 Machi

Mvua.

29 Machi

Leo nimeona jambo, na nataka niliandike kabla sijaanza kulipunguza.

Kutoka kwenye kamba yangu naona dirisha moja la wodi, la plastiki. Kuna msichana mgonjwa wa umri wa kidato cha pili. Wazazi wake wote wawili walishatangulia, wodi hii hii. Ana nywele nyingi zilizoshikana kwa jasho na matapishi. Wifi alikuwa amemaliza kupiga deki, muda wake wa kutoka ulikuwa umefika, mimi namsubiri na ubao wangu. Hakutoka. Aliweka ndoo chini, akakaa kando ya kitanda, akaanza kumchambua yule mtoto nywele kwa glavu mbili mbili. Akasuka mistari minne mikubwa, basi, kwa vidole vinene kama ndizi. Kusuka namna hiyo hata mimi ningemcheka siku nyingine.

Dokta Mlingoti aliingia akamkuta. Nikasema sasa atakiona cha mtema kuni, maana kukaa ndani kupita muda ni kosa. Yule mwanamke alisimama tu. Kisha akaja kwenye kamba, akavua, hatua kwa hatua, na alipomaliza akaniambia kwa lugha yao nimwambie yule dada asante, lakini asirudie. Nikamwambia Wifi sehemu zote mbili. Akajibu, "Mwambie sitarudia, kichwa kimoja kinatosha." Nilipomtafsiria, Dokta Mlingoti alicheka. Ana jino moja la mbele lililovunjika. Sikuwa nimeliona.

Miaka tisa nimekaa nyumba moja na Wifi na nilidhani namjua.

30 Machi

Yule msichana amekufa alfajiri, na mistari yake minne.

2 Aprili

Mvua. Kaka na Chiriku walikuja kwenye uzio. Mtoto akamwambia mama yake kwamba kaka yangu hajui kupika na mimi najua lakini napika kwa hasira. Wifi akacheka mpaka akashika uzio. Kaka akasema, "Rudi basi, tunakula hasira kila siku." Wifi akasema homa ikipungua. Wamekatazwa kugusana, kwa hiyo walitazamana tu kupitia wavu, wakinyeshewa wote. Kaka yangu ni fundi makochi, mtu wa maneno machache. Alikuwa ameleta mafuta ya kupaka mikono. Akayaweka chini, akarudi nyuma, Wifi akayaokota.

6 Aprili

Wifi ana homa.

Asubuhi hakuja kwenye kamba. Matroni akaniambia bila kunitazama. Wamempima joto darasani, wamemtoa, wamempeleka wodini. Kitanda kile kile alichokuwa akikifuta. Damu imepelekwa maabara kwa weupe. Nikasema huenda ni malaria. Wote wakasema huenda ni malaria, kwa haraka, kama watu waliofundishwa.

Nimesoma ubao siku nzima. Sijui nimesoma nini.

Kaka nilimwambia mlangoni, nimesimama mvuani, kwa sababu niliona nikiingia ndani nitakaa na sitasema. Alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja akaiweka kwenye kopo. Akauliza, "Alikuwa anavua vizuri?" Nikamwambia, "Kaka, mimi ndiye niliyekuwa namsomea. Hakukosea hata mara moja." Na ni kweli. Naapa ni kweli.

7 Aprili

Damu imerudi. Si malaria.

Na leo nimejua.

Jana usiku mvua iliangusha ukuta wa turubai wa chumba cha kuvulia, tope likaingia mpaka kwenye kamba. Asubuhi nilisaidia kuinua nguzo, nikajikata kidogo kidoleni, tope mikono yote. Ndoo nyekundu ilikuwa karibu, imejazwa sasa hivi, haijatumiwa na mtu. Nikafungua bomba lake ninawe. Nilipiga ukelele. Ilikuwa kama nimeshika mkaa. Na harufu yake ikanipanda kichwani, harufu ninayoijua, ya buti na sakafu.

Nilitoka nikaenda ghalani kwa Bwana Pipa, maji yananichuruzika. Nikamuuliza, "Kwenye ndoo nyekundu unatia nini?" Akanishangaa. "Mwalimu naye! Nyekundu inaua, buluu inaosha. Tangu siku ya kwanza." Nikamuuliza, "Na za chumba cha kuvulia? Za hawa wa kijani?" Akasema, "Ndoo ni ndoo. Wananiletea zimekwisha, najaza kwa kifuniko. Ndani kule mimi siruhusiwi."

Nilikaa kwenye gunia la klorini.

Kwa weupe nyekundu ni hatari. Kwa kijani nyekundu ni simama, nawa mikono. Kila upande na akili zake, wala hakuna mjinga. Na ndoo ni zile zile. Tangu tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita watu wetu wamekuwa wakisuuza glavu zenye homa kwa maji hafifu yasiyoua kitu, halafu wakivua, halafu wakiunguza mikono mitupu kwa dawa ya sakafu. Ngozi ikapasuka. Kesho yake wakavaa tena, wakavua tena, kwa mikono iliyojaa milango.

Na sauti iliyowaambia hivyo ni yangu. *Nawa mikono, ndoo nyekundu.* Niliimba ule wimbo wa Bwana Pipa na nikautafsiri ule ubao, na havikukutana kichwani mwangu hata siku moja. Nilidhani wale wamekuja na maji yao, kama walivyokuja na viti vyao. Kila mtu alidhani. Na mikono ilipoanza kusema, tukainyamazisha kwa adabu.

Nilimwambia, "Mikono ya malkia."

Sikulia pale. Nilikwenda kwenye hema jeupe nikamshika Daktari Miwani mkono, jambo lililokatazwa, nikamvuta mvuani mpaka hema la kijani. Alikuwa hajawahi kuingia. Nikawasimamisha na Dokta Mlingoti uso kwa uso, nikaweka ndoo mbili mezani juu ya karatasi zao, nikasema kwa lugha wanayoijua wote wawili na kwa sauti yangu ya darasani: wewe sema nyekundu ni nini. Na wewe sasa, sema.

Walisema. Daktari Miwani alivua miwani akaiweka chini na safari hii nadhani hakutaka kuiona tena. Dokta Mlingoti aliketi, mwanamke yule mrefu, sakafuni kwenye tope. Niliwachukia wote wawili. Nikajichukia na mimi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, tunawafundisha watoto, wanaandika kwa mwandiko mzuri, tunawapa alama.

8 Aprili

Asubuhi kikao kimoja, hema moja, kwa mara ya kwanza. Matroni alisimama akasema mikono ilikuwa inawaka tangu wiki ya kwanza na yeye ndiye aliyewakataza watu kusema. Alisema wima, kama mtu anayetoa ushahidi. Bwana Pipa alikuwa analia waziwazi.

Vifuniko vyote vimetupwa. Ndoo zote sasa ni nyeupe na zimeandikwa kwa wino mweusi, kwa Kiswahili na kwa lugha mbili za wageni: MIKONO. VITU. Daktari Miwani na Dokta Mlingoti waliandika wenyewe, wamechuchumaa pamoja, mmoja anashika ndoo mwingine anaandika. Kazi ya asubuhi moja. Ingewezekana asubuhi yoyote.

Wauguzi wawili zaidi wana homa.

10 Aprili

Kumbe kuna dawa. Dawa ya sindano, ya majaribio. Kijani walikuja nayo kidogo sana, iliyotengwa kwa ajili ya watu wao wakiugua. Weupe ndio wenye jokofu linalofaa na vipimo vya kuifuatilia. Kila upande ulikuwa na nusu ya kitu na haukujua mwenzake ana nusu nyingine.

Dokta Mlingoti alipiga simu kwao tangu asubuhi. Nilimsikia kwenye hema akigombana na mtu wa mbali. Mwisho akasema, na hili nimelielewa lote, "Hawa ni watu wetu." Akakata simu. Sijui kama alipewa ruhusa. Watatu wote wamechomwa.

Wifi ananijua bado. Nilisimama dirishani. Akainua mkono kidogo, akaugeuza, akanionyesha upande wa nyuma, kama anayeonyesha pete. Anatania. Mtu amelala pale anatapika damu na ananitania.

Nikamwambia kupitia plastiki, "Nisamehe, wifi yangu." Mvua ilikuwa kubwa. Aliweka kiganja sikioni: hasikii. Nikasema tena. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akafumba macho.

11 Aprili

Mvua. Muuguzi mmoja ameanza kunywa maji mwenyewe. Wifi bado.

12 Aprili

Mvua.

13 Aprili

Wakuu wote wawili walikubaliana kaka aingie. Zamani kila upande ungesema sheria ni ya mwenzake. Leo walitia saini kwa pamoja, na Dokta Mlingoti akamvalisha mwenyewe, akamfunga aproni mgongoni, Daktari Miwani akamkagua mara tatu. Kaka alisimama mikono imeinuliwa kama mtoto anayepimwa sare.

Nilitazama dirishani. Alikaa pale pale Wifi alipokaa na yule msichana. Akamshika mkono. Walikuwa hawajagusana tangu mvua ianze. Wifi alimtazama kwa muda mrefu, maana mtu aliyevaa vile hana sura, ana macho tu, lakini nadhani alimjua kwa namna ya kushika. Kaka alikuwa anasema kitu. Mtu yule wa maneno machache alisema mfululizo na mimi sikusikia hata neno, na sijamuuliza.

Alikata roho mchana, mkono wake umo mkononi mwa mumewe.

Na kaka akaja kwenye kamba.

Matroni aliniambia atasoma yeye. Nikakataa. Nikasimama na ubao wangu mpya.

"Hatua ya kwanza. Nawa glavu, ndoo ya VITU." Akanawa. "Hatua ya pili. Vua aproni, taratibu, usiitikise." Akavua. "Hatua ya tatu. Vua glavu za nje."

Akasimama.

"Kaka. Vua glavu za nje."

Akaitazama mikono yake. Akasema, "Hizi ndizo zilizomshika."

Nyuma yangu Dokta Mlingoti hakutafsiriwa na hakuuliza. Daktari Miwani alikuwa amegeukia ukuta. Nilitaka kuvuka kamba. Hatua mbili tu na ningekuwa nimemkumbatia, na ningekuwa nimemuua au ameniua, na Chiriku angebaki na nani. Nikasoma tena. Hakufanya. Mvua ikapiga bati, nikasoma mara ya tatu kwa ukelele, ile sauti inayosikika mpaka sokoni, na humo ndani ya hiyo sauti nilikuwa nalia na kila mtu alisikia.

"Vua glavu, kaka yangu! Vua!"

Akavua. Moja, kisha nyingine, kwa kugeuza ndani nje, kama ubao unavyosema. Akaziachia zikaanguka kwenye pipa. Nikasoma hatua ya nne.

14 Aprili

Siwezi.

20 Aprili

Mvua. Wauguzi wale wawili wamepona. Mmoja alinisalimu getini, nikashindwa kumjibu, nikamjibu kesho yake.

3 Mei

Hakuna mgonjwa mpya. Wageni wanakunja mahema. Ni moja refu sasa, waliunganisha jeupe na kijani mvua ilipozidi, na leo walishindwa kukumbuka turubai lipi ni la nani. Dokta Mlingoti alikuja nyumbani kumuaga kaka. Alikaa kwenye kochi ambalo halijaisha, chemchemi zinaonekana. Akasema samahani kwa Kiswahili, alijifunza neno hilo kwa ajili hiyo, sikumfundisha mimi. Kaka akasema, "Karibu chai." Wakanywa. Nimeshaacha kumchukia, ingawa sikuambiwa ni lini.

9 Mei

Jua.

Chiriku kaniletea kitana na mafuta ya mama yake, yale yaliyorudishwa kutoka shuleni, hayajafika nusu. Mistari aliyomsuka imefumuka yote, hakuna tena hata mmoja. Nikamwambia mimi sijui kusuka. Akasema anajua kuwa sijui. Akakaa chini katikati ya magoti yangu, akainamisha kichwa.